Mashine Mpya ya Boti Inapogoma: Utatuzi wa Matatizo ya Saa 10 za Mwanzo

Mashine mpya ya boti ya nguvu za farasi 15 ikigoma siku ya kwanza pale Sahare au Deep Sea, hapa Tanga, maneno yatakayosikika ufukweni ni mawili: "hiyo feki", au "fundi aje afungue kabureta". Mara nyingi si hili wala lile. Mashine isiyomaliza saa 10 za kazi ina kabureta safi, koili nzima na ringi ambazo hazijalika. Vitu vipya vilivyoingia tangu itoke kwenye boksi ni vile tulivyoviongeza wenyewe: petroli, oili, tenki, ubao wa tezi (ule wa nyuma ya boti unaofungiwa mashine) na mkono wa nahodha. Ugomvi utafutwe huko kwanza, tena kwa kuanza na kinachokaguliwa bure, ndipo spana itolewe.

Maelezo haya ni ya mashine za stroku mbili, silinda mbili, za kuvuta kwa kamba, zikiwa vile vile zilivyotoka kiwandani. Namba zilizotumika ni za Yamaha Enduro 15, yenye ujazo wa cc 246. Kama yako ni ya aina nyingine, sababu hazibadiliki sana, ila vipimo vichukue kwenye kitabu chake. Kitabu kisitupwe na boksi.

Haiwaki kabisa

Anza na klipu ya kamba ya usalama, ile nyekundu ambayo nahodha hujifunga mkononi. Isipokaa mahali pake nyuma ya kitufe cha kuzimia, cheche haitoki hata uvute mpaka bega liteguke. Pili, gia. Mashine hizi zina kizuizi cha kuwasha ikiwa ndani ya gia, kwa hiyo kamba ikikataa kuvutika, usiilazimishe. Rudisha gia frii, ujaribu tena.

Kisha mafuta. Legeza skrubu ya hewa iliyo juu ya kifuniko cha tenki. Angalia mshale uliochorwa kwenye pampu ya kubinya: unatakiwa uelekee kwenye mashine. Paipu ikifungwa kinyume utabinya mpaka magharibi. Kiungio cha paipu kwenye mashine kisukumwe mpaka kilie "ta". Ishike pampu wima, mshale ukitazama juu, uibinye mpaka iwe ngumu kama embe bichi. Ikikataa kuwa ngumu baada ya kubinya mara 15 au 20, kuna mahali inavuta hewa. Hilo limeelezwa sehemu inayofuata.

Choki ni ya mashine baridi. Ivute, vuta kamba mara mbili tatu, na ikishika tu uirudishe. Mashine yenye joto haihitaji choki, na kuivuta ni kuinywesha plagi petroli.

Bado? Sasa toa plagi zote mbili kwa spana ya 21. Zenyewe ndizo zitakazokueleza:

Plagi ikiwa kavu, mafuta hayafiki kwenye silinda. Rudi kwenye tenki, skrubu ya hewa, pampu na kiungio.

Ikiwa imelowa petroli mbichi, mafuta yamezidi au cheche hakuna.

Ikiwa imelowa oili nzito, usishtuke. Mashine mpya hutiwa oili ndani ya silinda isishike kutu njiani. Oili hiyo hulowesha plagi na kutoa moshi mzito dakika za mwanzo. Pangusa plagi kwa kitambaa kikavu, zirudishe.

Kukausha silinda iliyolowa: ondoa klipu ya usalama, rudisha choki, toa plagi zote, vuta kamba mara nane hadi kumi, acha wazi dakika kumi. Hakikisha klipu imetoka kweli. Kuvuta kamba huku waya za plagi zikining'inia na umeme ukiwa hai kunaweza kuunguza kile kiboksi cha umeme, CDI, na bei yake si ya plagi.

Kupima cheche: rudisha klipu, chomeka plagi kwenye waya wake, ganda lake la chuma liguse bloku, mwenzako avute. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri. Ya njano hafifu, badilisha plagi kabla hujailaumu koili. Plagi ya mashine hii ni NGK B7HS-10, na mwanya wake ni milimita 0.9 hadi 1.0. Ukiuziwa B7HS bila ile 10, ujue mwanya wake umewekwa mdogo zaidi, kwa hiyo pima kabla ya kufunga. Na kabla hujapima cheche, tenki na kile kitambaa chenye petroli vitoke botini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hulala chini ya mbao za sakafu ukisubiri.

Inawaka, inakwenda dakika mbili tatu, inazimika

Hili ndilo linalopeleka mashine nyingi nzima kwa fundi. Kabla ya yote, tazama tenki. Likiwa limebonyea ubavuni, skrubu ya hewa imefungwa: mashine imefyonza mpaka imeshindwa. Mtindo wa dumu la lita 20 lililotobolewa kifuniko na kuchomekwa paipu una shida hii hii, kwa kuwa tundu lile lile linalopitisha paipu huzibwa na mpira na hewa haina pa kuingilia. Toboa tundu la pili dogo, au bora zaidi tumia tenki lililokuja na mashine, wala usiliuze.

Kama hewa ipo, fanya jaribio moja tu. Washa, na inapoanza kulegea mwenzako abinye pampu mfululizo. Ikichangamka kila anapobinya, kabureta haina kosa. Mafuta hayaji yenyewe. Fuata paipu kwa kidole kutoka tenki hadi mashine. Imekunjika chini ya nyavu? Imekanyagwa na sanduku la barafu? Kisha kagua ule mpira mdogo wa mviringo ndani ya kiungio. Ukiwa umechanika, mashine inavuta hewa badala ya petroli, na ndiyo maana pampu hulegea kila baada ya muda. Clampu za paipu ziwe za chuma cha pua. Waya wa kufungia hukata mpira.

Ikiwa kubinya hakusaidii kitu, shuku maji. Mimina mafuta kutoka sehemu ya chini kabisa ya tenki kwenye chupa ya plastiki inayoonesha ndani, uiweke mahali pasipotikisika dakika kumi. Maji hukaa chini, yanang'aa, na ukiinamisha chupa hutembea kama shanga huku mafuta yakibaki juu. Mchanganyiko wenye oili hurahisisha kuona, kwa kuwa oili za boti nyingi zina rangi na maji hayashiki rangi hiyo. Yakionekana, mwaga yote, safisha tenki, na kwenye kabureta fungua skrubu ya chini ya bakuli itoe matone. Hapo tu ndipo kabureta inaguswa, na kwa skrubu hiyo moja. Maji haya hutoka kwenye madumu yaliyoachwa wazi usiku na kwenye faneli iliyolala sakafuni mwa boti. Chuja kila mara kwa faneli yenye wavu mwembamba.

Jambo jingine ni mafuta ya taa. Zipo mashine zilizotengenezwa kwa mafuta ya taa, na zinafanana sana kwa nje na za petroli. Ya petroli ukiipa mchanganyiko wa taa itawaka kwa shida, itapiga kelele ya kugongagonga ukiibebesha mzigo, na itaanza maisha yake kwa kuungua.

Moshi mwingi, harufu kali, silensa (mwendo wa chini kabisa wa mashine) inayumba

Katika saa 10 za mwanzo mashine inakunywa oili maradufu, kwa hiyo moshi upo. Swali ni kama moshi huo ni wa kipimo au wa makisio. Kipimo cha kuzoesha ni 25 kwa 1: lita 25 za petroli kwa lita moja ya oili. Baada ya hapo ni 50 kwa 1. Kwa vyombo vinavyotumika hapa:

Dumu la lita 20: mililita 800 wakati wa kuzoesha, 400 baadaye.
Tenki la lita 24: mililita 960, kisha 480.
Galoni ya lita 5: mililita 200, kisha 100.

Ile tabia ya kumwaga chupa ya nusu lita kwenye dumu la lita 20 na kusema "imetosha" inatoa 40 kwa 1. Kwa mashine inayozoeshwa ni kidogo mno, kwa iliyozoea ni nyingi. Kwa maneno mengine, haifai siku yoyote. Nunua kikombe cha kupimia chenye alama za mililita, kile cha jikoni, ukifunge kwa kamba kwenye tenki.

Changanya hivi: tia petroli kama robo ya dumu, mimina oili yote, funga, tikisa kwa nguvu, kisha jaza petroli iliyobaki na utikise tena. Ukianza na oili chini kisha kumimina petroli juu yake, oili hubaki imeganda kwenye kona, mashine ikanywa petroli tupu leo na shira kesho. Dumu lililolala siku tatu litikiswe upya.

Aina ya oili ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tafuta alama ya TC-W3 kwenye chupa. Hiyo ni oili ya mashine za stroku mbili zinazopozwa kwa maji, na haiachi majivu. Oili ya 2T ya pikipiki na misumeno imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa upepo, zenye joto kubwa zaidi; viungo vyake huacha majivu yanayoganda kwenye kichwa cha pistoni na kwenye ringi. Ndani ya wiki hutaona kitu. Oili namba 40 ya gari ni mbaya zaidi. Hiyo haikutengenezwa iungue kabisa.

Silensa ikiyumba wakati moshi ni wa kawaida, tazama muda uliokaa silensa. Boti inayofuata nyavu saa nzima kwa mwendo wa kobe hulowesha plagi. Ongeza moto kidogo (zungusha mkono wa mashine mwendo uongezeke) dakika moja kila baada ya dakika kumi, plagi zijisafishe. Skrubu ya silensa unaweza kuigusa robo mzunguko. Nyingine zote ziache.

Haikojoi, au inakojoa kidogo

Maji yanayoruka kutoka kwenye tundu dogo nyuma ya mashine ndiyo shahidi pekee kwamba pampu ya maji inafanya kazi. Yatazame kila unapowasha. Kwenye mashine mpya yanatakiwa yaonekane ndani ya nusu dakika, mkondo mwembamba ulionyooka. Dakika ikipita bila kitu, zima.

Ndani ya ile pampu kuna impela ya mpira yenye mabawa yaliyopinda, na mafuta yake ya kulainisha ni maji yenyewe. Kuwasha mashine nchi kavu ili tu "tuisikie inavyolia" huunguza mabawa hayo kwa sekunde chache. Mashine nyingi hupelekwa baharini zikiwa zimeshaunguzwa impela dukani au uani kwa namna hiyo, kisha lawama inaangukia kiwanda. Jaribio la kwanza lifanyike ndani ya pipa la lita 200 lililokatwa juu, maji matamu yakifunika lile bati pana lililo juu ya propela. Propela itolewe kwanza, moto ubaki silensa, na maji ya pipa yabadilishwe yakianza kuwa ya vuguvugu, maana mashine haipozwi na maji ya moto.

Ikikojoa vizuri kwenye pipa lakini baharini haikojoi, sababu zipo tatu na zote ziko nje ya mashine.

Ya kwanza ni tope. Ghuba ya Tanga ina mikoko, na bamvua inashusha maji zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa. Anayeondoka maji yakiwa yamekupwa, mguu wa mashine (sehemu ya chini yenye propela) ukichora sakafuni, anavuta uji wa tope na mchanga kupitia vichujio vya pembeni mwa mguu. Bagamoyo tope ni kidogo ila mchanga unafanya kazi hiyo hiyo. Sukuma boti kwa upondo mpaka maji yafike kiunoni, ndipo uteremshe mguu na kuwasha. Ukishavuta tope, tundu la kukojolea ndilo huziba kwanza kwa kuwa ndilo jembamba. Zima, chomeka kipande cha mshipi mnene, ule wa kuvulia samaki wakubwa, uuzungushe ukirudi nyuma. Usitumie msumari, utapanua tundu au kusukuma uchafu ndani. Ukizibua na maji yakatoka kwa nguvu, basi pampu ilikuwa nzima muda wote.

Ya pili ni mfuko wa nailoni au jani la mwani lililojibandika kwenye vichujio. Rudisha gia frii, zima, inua mguu, toa kwa mkono.

Ya tatu ni urefu. Mguu mfupi, wa inchi 15, ukifungwa kwenye boti yenye tezi refu ya inchi 20, vichujio vinapanda juu ya maji kila wimbi likipita. Mkondo unakatika-katika sambamba na mawimbi. Dawa yake iko kwenye ubao, tutaifikia.

Kupima joto bila kipimo: dondosha tone la maji juu ya hedi ya silinda. Likitulia, sawa. Likichemka na kuruka, hedi imepita nyuzi 100 na mashine izimwe sasa hivi. Usiimwagie maji ya bahari ikiwa katika hali hiyo; chuma cha moto hakipendi. Fungua kifuniko cha juu, iache nusu saa.

Mafundi wengine hushauri kutoa thamostati "ili ipoe zaidi". Usikubali. Mashine baridi mno haiunguzi mafuta vizuri, plagi zinalowa, na ringi mpya hazikai.

Resi (mizunguko ya mashine kwa dakika) zinashuka zenyewe, sauti inakuwa nzito

Hujagusa moto, boti haijaongezewa mzigo, lakini mashine inalegea kama imechoka. Hiyo ni pistoni inaanza kubana. Punguza moto hapo hapo mpaka silensa. Kama maji yanakojolewa, iache izunguke dakika mbili ipoe taratibu. Kama hayakojolewi, zima. Baada ya nusu saa vuta kamba polepole kwa mkono bila kuwasha. Ikizunguka laini, rudi nyumbani kwa mwendo wa nusu moto. Ikikwaruza au kushika mahali pamoja, tweka tanga au piga kasia. Kuwasha tena ni kuimaliza silinda.

Kwenye mashine mpya jambo hili lina sababu mbili kubwa: oili pungufu, iliyokwisha elezwa, na haraka. Ratiba ya kuzoesha ni hii. Dakika 10 za kwanza, gia ikiwa frii, silensa ya juu kidogo. Dakika 50 zinazofuata, usivuke nusu ya moto, resi kama 3,000, na usikae kwenye mwendo mmoja, panda, shuka. Saa ya pili, robo tatu ya moto, resi 4,000 hivi, ukiruhusiwa moto wote kwa dakika moja na kufuatiwa na dakika kumi za kupumzika. Kuanzia saa ya tatu hadi ya kumi, moto wote usizidi dakika tano kwa mkupuo.

Hili la kupanda na kushuka lina maana yake. Ringi hukaa kwenye silinda kwa kusukumwa na shinikizo linalobadilika. Mwendo mmoja wa taratibu saa nzima hung'arisha ukuta wa silinda, na ringi hazishiki tena. Mashine itakunywa mafuta na kukosa nguvu maisha yake yote. Kwa Tanga, saa ya kwanza inatosha kuzungukia ndani ya ghuba, upande wa kisiwa cha Toten. Saa zinazofuata nenda kisiwa cha Ulenge au Yambe na kurudi. Safari ya Pemba si ya mashine yenye saa mbili, hata kama abiria wameshalipa.

Inanguruma, boti haisogei

Zima, inua mguu, tazama propela kabla ya kitu kingine. Nailoni iliyojizungusha inatosha kuua mwendo wote.

Propela ikiwa safi, kuna bushi ya mpira katikati yake inayoshikilia mabawa na shafti. Kazi yake ni kuteleza propela inapogonga mwamba, gia zisivunjike. Ukishagonga tumbawe mara moja kwa nguvu, bushi inaweza kuanza kuteleza hata kwenye maji ya kawaida: kwa moto mdogo boti inakwenda, ukiongeza, mashine inapiga resi na boti inabaki pale pale. Ipime hivi. Chora kwa maka mstari mmoja ulionyooka unaopita kwenye chuma cha kati na kuendelea kwenye ganda la propela. Nenda, ongeza moto mpaka ile hali itokee, rudi uangalie. Mstari ukivunjika ukawa vipande viwili visivyokutana, bushi imekwisha. Mashine ndogo zaidi hazina bushi hii bali pini ya usalama ya chuma laini, ambayo ikikatika propela haizunguki kabisa. Weka pini mbili za akiba chini ya kifuniko, na kamwe usiweke msumari badala yake: msumari haukatiki, zinakatika gia.

Mstari ukibaki umenyooka, propela inakula hewa. Tunarudi kwenye urefu. Bati pana lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya boti au lizame zaidi kwa hadi milimita 25. Weka ubao ulionyooka chini ya mkuku uutokezee nyuma, upime kwa rula. Likiwa juu, propela inameza hewa kwenye kona na mawimbi ya kusi. Likiwa chini sana, boti inakokota mguu, na maji yanaruka mpaka kwenye mashine. Madau mengi ya mbao yana tezi refu, na yanataka mguu wa inchi 20. Aliyekwishanunua mfupi akate ubao wa tezi, kazi ya fundi seremala wa boti, wala si ya mwenye haraka.

Boti nzito, mashine haifiki resi zake

Moto wote, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, mashine hii inatakiwa izunguke kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Sikio halipimi hilo. Kuna vipima resi vidogo vya kidijitali ambavyo waya wake huzungushwa tu kwenye waya wa plagi. Ni bei ndogo kuliko plagi utakazoziua. Ukikinunua, kiweke kwenye kipimo cha stroku mbili, la sivyo kitakudanganya maradufu. Na kipimo hiki kifanywe kuanzia saa ya tatu, ndani ya zile dakika tano.

Ukisoma 4,000, mashine inabebeshwa kuliko uwezo wake. Inapata joto, inajaza masizi, na mwenyewe anadhani haina nguvu. Tazama namba mbili zilizogongwa kwenye propela: ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kila inchi moja ya hatua unayopunguza huongeza resi kati ya 150 na 200. Kutoka 10½ kwenda 8 utapata kama 400 hadi 500. Kwa dau linalobeba watu sita, nyavu na barafu, hatua ndogo ndiyo sahihi. Hilo halitapanda juu ya maji kama boti ya fiba hata ulifunge mashine mbili. Na ukisoma 6,000, hatua ni ndogo mno, au ile bushi imeteleza.

Kabla ya kununua propela sogeza pini ya chuma iliyo kwenye matundu ya bano, lile linaloshika mashine ubaoni. Omo (mbele ya boti) ikipanda juu sana, tundu moja ndani. Omo ikichimba maji, tundu moja nje.

Inatikisika, inahama kwenye ubao

Skrubu mbili za kubana hukazwa vizuri asubuhi na saa sita huwa zimelegea. Mashine haina kosa: mbao imebonyea. Zikaze tena baada ya nusu saa ya kwanza, na tena baada ya saa ya pili. Ubao wa paini utaendelea kubonyea; weka kibao cha mninga au msaji pande zote mbili, na msaji si wa kutafutwa mbali, unapandwa Longuza kule Muheza. Bano lina matundu ya boliti pia. Yatumie, boliti za chuma cha pua, na silikoni ndani ya tundu ili maji yasiozeshe ubao. Halafu mnyororo au kamba nene kutoka mashine hadi kwenye taruma (ubavu wa mbao wa ndani ya boti). Mashine zinazoanguka baharini huanguka siku za mwanzo, kwenye kona ya kwanza ya moto mwingi.

Gia inakwaruza, na oili yake

Gia huingizwa mashine ikiwa silensa, kwa mkono mmoja wa haraka na imara. Kuingiza polepole kwa "huruma" ndiko kunakokwaruza meno. Ikikwaruza hata hivyo, silensa iko juu mno.

Zikitimia saa 10, oili ya gia imwagwe yote ikiwa bado ya moto. Unga laini wa chuma kwenye skrubu yenye sumaku ni wa kawaida, vipande si vya kawaida. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na kabla hujalaumu sili toa propela uangalie nyuma yake: mara nyingi utakuta mshipi umejizungusha kwenye shafti ukikata mpira taratibu. Ukate kwa kisu, uuvute wote. Jaza oili ya gia namba 90 kutoka tundu la chini mpaka itokeze tundu la juu bila mapovu, funga la juu kwanza, ndipo uchomoe bomba la chini na kulifunga. Washa za skrubu, zile pete bapa, ziwe mpya. Wiki moja baadaye legeza skrubu ya chini kidogo, toa matone mawili kwenye kiganja, uyasugue uone kama ni meupe.